Kurudisha mkunjo wa goti baada ya kuwekewa goti bandia: mwongozo wa mazoezi ya nyumbani

Kabla daktari wa mifupa hajafunga kidonda, hulikunja na kulinyoosha goti jipya palepale mezani, ili ajiridhishe kwamba vipande vya chuma vilivyofunika ncha za mifupa, pamoja na plastiki ngumu iliyowekwa katikati yake, vinateleza bila kukwama. Kwa hiyo goti hutoka katika chumba cha upasuaji likiwa na uwezo wa kukunjika. Kinacholifanya ligome siku chache baadaye si chuma, bali ni uvimbe unaolijaza, misuli ya mbele ya paja ambayo hushindwa kufanya kazi kwa sababu ya maumivu, na kovu ambalo mwili huanza kulijenga ndani kwa ndani hata pale kidonda cha nje kinapoonekana safi. Kovu hilo huwa laini katika wiki za mwanzo, kisha huzidi kukakamaa kadiri miezi inavyokwenda. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, hufika kitandani siku ileile ya upasuaji au kesho yake, wakati mgonjwa bado anadhani kazi iliyobaki ni kulala na kusubiri apone.

Maelezo haya yanamhusu mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, awe amefanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, au katika hospitali binafsi, pamoja na ndugu wanaomuuguza. Wapo wagonjwa ambao, kutokana na hali ya mifupa yao au aina ya upasuaji waliofanyiwa, huwekewa mipaka ya pekee. Wao wafuate walivyoelekezwa na daktari wao, hata kama hapa pamesemwa vingine.

Nyuzi ngapi zinatafutwa

Mkunjo hupimwa kwa nyuzi za pembe. Goti lililonyooka kabisa huhesabiwa kuwa nyuzi 0, na kisigino kinaposogea kuelekea makalioni nyuzi huongezeka. Kutembea kwenye njia tambarare huhitaji goti likunjike takriban nyuzi 65 hadi 70. Ngazi huhitaji kati ya 85 na 100 kulingana na urefu wa kila kidato, na kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kujisukuma kwa mikono huvuka 90. Kuchuchumaa huhitaji 130 na zaidi, na hapo ndipo magoti bandia mengi hayafiki, kwa kuwa mengi hutulia kati ya 110 na 120. Lengo la kawaida ni kufikia nyuzi 90 karibu na mwisho wa wiki ya pili, kisha kukaribia 110 kati ya wiki ya 6 na ya 12.

Malengo hayo hayamfai kila mtu kwa kiwango kilekile, kwa sababu kinachoamua zaidi mkunjo wa baadaye ni mkunjo uliokuwapo kabla ya upasuaji. Mzee ambaye goti lake lilikuwa limekwama kwenye nyuzi 80 kwa miaka mingi hana sababu ya kujilinganisha na jirani aliyeingia hospitalini akiwa bado anachuchumaa. Ajilinganishe na goti lake mwenyewe la wiki iliyopita. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kukaa kwenye kiti kilekile, mahali palepale, kurudisha mguu nyuma chini ya kiti bila kuinua kisigino, kisha mtu mwingine abandike kipande cha plasta sakafuni pale ncha ya kidole gumba cha mguu ilipoishia. Alama hiyo ikisogea nyuma, hata kwa upana wa kidole kimoja kwa wiki, kazi inaendelea.

Kwanza maumivu na uvimbe vitulizwe

Goti lililovimba halikunjiki, hata mwenyewe awe na moyo wa namna gani. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa mgonjwa imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya zoezi, ili nguvu yake ikutane na kazi, kuliko kusubiri maumivu yapande ndipo itafutwe. Hapa tahadhari moja ni muhimu: wagonjwa wengi huruhusiwa wakiwa na dawa za kuzuia damu kuganda, na mtu akizichanganya na diklofenaki au aspirini aliyojinunulia duka la dawa la mtaani, hatari ya kutokwa na damu huongezeka. Vidonge walivyobakiza ndugu visiguswe kabla ya kumuuliza daktari.

Baada ya zoezi huja barafu. Maji yaliyogandishwa kwenye chupa au mfuko mdogo hufaa kabisa, mradi yafungwe ndani ya khanga au taulo ili yasiunguze ngozi wala kulowesha kidonda, na yakae dakika 15 hadi 20 huku mguu ukiwa umenyooka na kuinuliwa juu ya usawa wa moyo. Katika joto la Dar es Salaam la kuanzia Desemba hadi Machi, ni busara kufanya zoezi kubwa la siku mapema asubuhi, kabla chumba hakijapata fukuto na mgonjwa hajaanza kutokwa na jasho la kumkatisha tamaa.

Jambo jingine ni kukanda. Katika nyumba nyingi za pwani, mguu unaouma hukandwa kwa maji ya moto, na mara nyingi anayekanda ni shangazi au mama mkubwa ambaye si rahisi kumkatalia. Kwa goti lililopasuliwa, jambo hili lina madhara matatu: joto huongeza uvimbe katika wiki za mwanzo, maji hulowesha kidonda ambacho hakijafunga na kufungua njia ya maambukizi, na kusugua kigimbi kwa nguvu kunaweza kung'oa bonge la damu lililoganda kwenye mshipa na kulipeleka kwenye mapafu. Njia ya heshima ni kumpa anayekanda kazi nyingine iliyo ya kweli: ndiye awe mtunza barafu na mhesabu wa mazoezi. Kidonda kikishafunga kabisa na daktari akaridhia, kovu linaweza kusuguliwa taratibu kwa ncha za vidole na mafuta kidogo ya nazi, ili ngozi isishikamane na nyama iliyo chini yake.

Kunyoosha, ambako wengi hukusahau

Wageni wanaokuja kumjulia hali mgonjwa huuliza goti limekunjika kiasi gani, na karibu hakuna anayeuliza kama limenyooka. Kwa maoni yangu swali la pili lilipaswa kutangulia. Mtu mwenye mkunjo wa nyuzi 95 na goti linalonyooka kabisa hutembea vizuri, bali mwenye mkunjo wa 120 na goti lililobaki limepinda nyuzi 10 huchechemea, paja lake huchoka haraka, na baada ya muda kiuno na goti la pili huanza kulalamika.

Adui wa kwanza wa kunyoosha ni mto unaowekwa chini ya goti. Huwekwa kwa upendo kabisa, kwa sababu goti lililopinda kidogo huuma kidogo, na mgonjwa mwenyewe hushukuru. Akilala hivyo usiku baada ya usiku, nyama za nyuma ya goti hujizoesha ufupi huo. Kama mto ni lazima, uwekwe chini ya kisigino au chini ya mguu mzima, ilimradi nyuma ya goti pasiwe pameinuliwa peke yake.

Zoezi lenyewe ni la utulivu. Mgonjwa alale chali au akae kitandani mguu ukiwa umenyooka, taulo lililoviringwa liwekwe chini ya kisigino, na goti liachwe hewani lizame kwa uzito wake. Dakika 5 zinatosha mwanzoni, kisha ziongezwe hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku. Mvuto utasikika nyuma ya goti, na mgonjwa atatamani kuuzungusha mguu nje ili aukwepe. Kifuniko cha goti, yaani pia, kibaki kinatazama dari.

Baada ya hapo taulo liondolewe, na mgonjwa asukume nyuma ya goti kuelekea godoro kwa kukaza misuli ya mbele ya paja, ahesabu hadi 5, alegeze, na kurudia mara 10. Anayemuuguza anaweza kupitisha kiganja chini ya goti. Siku za mwanzo mkono wote utapita kwa urahisi, na kadiri mguu unavyonyooka kiganja kitabanwa, mpaka siku ambayo hata vidole vitapenya kwa shida. Misuli hiyo ikishakubali kukaza, mgonjwa ajaribu kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, kisigino kikipanda kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka kitandani. Goti likilegea na kupinda wakati wa kuinua, paja bado halijawa tayari, na arudi kwenye zoezi la kusukuma godoro kwa siku kadhaa zaidi.

Pamoja na hayo yote, kila saa anapokuwa macho, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara 10 hadi 20. Hilo halisaidii sana mkunjo, lakini husukuma damu ya vigimbi isikae.

Kukunja kwa khanga na kiti

Zoezi kuu la kukunja halihitaji kifaa cha kununua. Khanga moja ikunjwe kwa urefu hadi iwe kama mkanda mpana, ipitishwe chini ya wayo, na mgonjwa aliyeketi kitandani akiwa ameegemea ukuta ashike ncha zake kwa mikono miwili. Kisigino kivishwe soksi ili kiteleze kwenye shuka. Sasa akivute kisigino kuelekea makalioni taratibu, kwa nguvu ya mguu wenyewe kwanza, mpaka pale anaposikia goti limekaza. Hapo ndipo wengi huachia na kurudi, na hivyo hukosa sehemu yenye faida. Abaki palepale, atoe pumzi nje polepole, ahesabu hadi 10, na akiona mkazo umepungua avute khanga kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole. Ahesabu tena, kisha arudishe mguu hadi unyooke kabisa. Mara 10 kwa awamu, awamu 3 au 4 kwa siku, humfaa mgonjwa kuliko saa nzima ya mateso mara moja jioni, kwa kuwa goti linaloachwa saa nyingi bila kusogezwa hukakamaa upya.

Anayesimamia aangalie nyonga kuliko goti. Mgonjwa anayetaka kumfurahisha mtaalamu wake huinua kalio upande mmoja, na kisigino huonekana kimesogea ilhali goti halijaongeza kitu. Udanganyifu huu hufanyika bila kukusudia, na dawa yake ni kuweka mkono juu ya nyonga na kusema kwa upole, "Mama, kalio libaki chini."

Kwenye kiti zoezi lina hatua mbili. Kiti kiegemezwe ukutani, hasa vile vya plastiki vinavyoteleza kwenye vigae. Mgonjwa arudishe mguu nyuma kadiri awezavyo, wayo wote ukiwa sakafuni, kisha auache mguu palepale na kusogeza makalio mbele kwenye ukingo wa kiti. Mwili ukienda mbele huku wayo umebaki, goti hulazimika kukunjika zaidi bila mtu yeyote kulisukuma. Mgonjwa akizoea, apitishe mguu usiopasuliwa mbele ya kifundo cha mguu uliopasuliwa na kuusukuma huo uliopasuliwa nyuma polepole, ambapo yeye mwenyewe ndiye anayepima maumivu na kuamua kikomo. Jambo hilo la mwisho ni la msingi: asikubali kijana wa mazoezi ya viungo mtaani, wala shemeji mwenye nguvu, alikunje goti kwa kulilalia. Kulazimisha hivyo huchochea uvimbe, na kunaweza kuchana kidonda au msuli.

Mwenye kupata baiskeli ya mazoezi inayokaa mahali pamoja anaweza kuianza pindi mtaalamu akiruhusu. Kiti chake kipandishwe juu, na asilazimishe mzunguko kamili, kwa sababu mzunguko huo huhitaji takriban nyuzi 105 hadi 110. Ayumbishe pedali mbele na nyuma kama nusu duara, na mzunguko wa kwanza kamili kwa kawaida huja rahisi zaidi kwa kurudi kinyumenyume. Asiye na baiskeli hiyo hajapoteza kitu cha lazima.

Kuhusu maumivu, mgonjwa atofautishe kuvuta na kukaza, ambako ni sehemu ya kazi na hupungua ndani ya saa moja baada ya kuacha, na maumivu makali ya kuchoma yanayomfanya azuie pumzi, ambayo ni ishara ya kurudi nyuma. Goti lenyewe hutoa hukumu asubuhi yake. Likiamka limevimba kuliko jana, zoezi la jana lilizidi, na leo lipunguzwe kwa nusu badala ya kuachwa kabisa.

Kutembea, ngazi na usafiri

Kutembea ni zoezi pia, mradi mgonjwa asitembee akiwa amelikakamaza goti kama fimbo. Kisigino kitangulie kugusa chini goti likiwa limenyooka, kisha goti likunjike mguu unapoondoka ardhini. Magongo yasiachwe kwa sababu ya aibu; anayeyaacha mapema akaanza kuchechemea hujifunza mwendo mbaya ambao baadaye ni kazi kuusahau. Kwenye ngazi, ambazo mkazi wa ghorofa za Kariakoo au Upanga hawezi kuzikwepa, mguu usiopasuliwa hutangulia kupanda na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka, mkono mmoja ukiwa kwenye kishikio.

Bodaboda ifutwe kabisa katika kipindi hiki. Kwenye bajaji, mgonjwa ageuke, akae kwanza ukingoni mwa kiti, ndipo aingize mguu mmoja baada ya mwingine, na kama anaweza akae peke yake nyuma ili mguu upate nafasi. Daladala lina kidato kirefu na msukumano, na ni la kusubiri mpaka miguu ipate nguvu. Vituo vya mwendokasi vina jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, jambo linalosaidia, lakini si saa za watu kwenda na kutoka kazini. Anayetoka Tegeta au Gongo la Mboto kwenda kliniki Upanga aombe miadi ya kuanzia saa nne asubuhi, na akikwama kwenye foleni awe anausogeza mguu kila baada ya dakika chache, kwa sababu safari ndefu ya goti lisilosogea hulikakamaza.

Suala la gharama liulizwe mapema. Mwenye bima aulize inalipia awamu ngapi za fiziotherapia, na anayelipa fedha taslimu asizigawe awamu zake sawasawa kwa miezi. Kama uwezo ni wa awamu 6, mimi ningeweka 4 katika mwezi wa kwanza, wakati kovu bado linasikia.

Goti linapogoma, na dalili za kukimbilia hospitali

Ganzi upande wa nje wa kovu, joto la goti linaloendelea kwa miezi, na mlio mdogo wa chuma na plastiki kugongana ni mambo ya kawaida. Uvimbe wa jioni nao unaweza kudumu miezi 3 hadi 6. Mwenye kisukari ahakikishe sukari iko katika kiwango, maana ikipanda kidonda huchelewa kupona na hatari ya maambukizi huongezeka.

Goti ambalo baada ya wiki 6 za juhudi halijafikia nyuzi 90, au lililokuwa linasonga mbele likasimama, lirudishwe kwa daktari aliyelipasua bila kusubiri tarehe ya mbali ya kliniki. Anaweza kupendekeza mgonjwa apewe dawa ya usingizi ili goti likunjwe na kovu liachie, na njia hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikifanyika kabla ya miezi 3 kupita. Baada ya hapo kovu huwa gumu, na huenda ukahitajika upasuaji mwingine. Kukunjwa chini ya usingizi hakumwondolei mgonjwa mazoezi. Kesho yake huanza tena khanga na kiti.

Kuna dalili ambazo hazisubiri hata asubuhi: kigimbi kinachouma, kuvimba na kuwa cha moto, kukosa pumzi au maumivu ya kifua ya ghafla, homa, kidonda kinachotoa usaha, kuwa chekundu zaidi au kufumuka, na kushindwa ghafla kuinua mguu ulionyooka baada ya kuanguka.

Vitu vya chini

Kuanzia mwezi wa tatu baada ya upasuaji mgonjwa huanza kurudia maisha yake, na hapo hukutana na vitu vilivyo karibu na ardhi. Mbuzi ya nazi na kigoda cha jikoni huhitaji mkunjo mkubwa na kuinuka kugumu. Nazi ikunwe na mwingine, au ikatwe vipande na kusagwa kwenye blenda. Kwenye choo cha kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati au kile cha chuma kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba hutatua tatizo, mradi miguu yake iwe na mipira isiyoteleza kwenye maji, na ukutani pawe na kishikio kilichofungwa imara. Kwa swala, Mwislamu asiyeweza kusujudu na kukaa tahiyatu ana ruhusa ya kuswali juu ya kiti. Kupiga magoti kanisani kwa kawaida hakulivunji goti bandia, ila huleta usumbufu juu ya kovu. Kusubiriwe ruhusa ya daktari, kisha kujaribiwe kwanza nyumbani juu ya godoro.

Baharini mgonjwa asiingie mpaka kidonda kiwe kimefunga kote bila kigaga hata kimoja. Akiruhusiwa, maji ya kifuani yaliyotulia ni mahali pazuri pa kukunja na kunyoosha, kwa sababu hubeba uzito wa mwili. Mchanga mkavu wa ufukweni, ambao huyumbisha mguu kila hatua, aukanyage akiwa bado na fimbo mkononi. Mazoezi ya kila siku yaendelee kwa kiasi kidogo hadi mwaka mmoja, kwa kuwa magoti mengi huendelea kuongeza nyuzi chache na nguvu nyingi katika muda huo, hasa kwa wale ambao hawakuacha zoezi la kunyoosha walipoona kukunja kumekubali.